Their Greatest Hits (1971–1975) ya Eagles: nyimbo kumi, platinamu 38, na santuri ya kuchagua kwa makini

Siku albamu hii ilipotoka haikuwa na wimbo mpya hata mmoja. Tarehe 17 Februari 1976 kampuni ya Asylum ilichukua nyimbo kumi kutoka albamu nne za Eagles, bendi ya roki ya Marekani, zilizokwisha kuuzwa, ikazipanga upya kwenye santuri moja na kuzirudisha dukani. Wiki moja baadaye, tarehe 24 Februari, ikawa albamu ya kwanza kabisa kupewa cheti cha platinamu na RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki za Marekani. Cheti hicho kilikuwa kimeanzishwa mwaka uleule kwa albamu zilizofikisha nakala milioni moja. Agosti 2018 chama hichohicho kilitangaza platinamu 38, moja kwa kila milioni, na Thriller ya Michael Jackson, iliyokuwa na 33 wakati huo, ikashuka hadi nafasi ya pili nchini Marekani.

Mafanikio hayo wengi huyaeleza kwa umaarufu wa bendi peke yake. Lakini bendi maarufu zenye mikusanyiko ya vibao ni nyingi, na hakuna mkusanyiko mwingine uliofika hapa. Kilichoibeba albamu hii ni kazi ya kuchagua na kupanga, na kazi hiyo inasikika vizuri zaidi kwenye santuri kuliko mahali pengine popote.

Tuanze na uchaguzi. Albamu ya kwanza ya bendi, Eagles ya 1972, imetoa nyimbo tatu: "Take It Easy", "Witchy Woman" na "Peaceful Easy Feeling". Desperado ya 1973 imetoa wimbo wenye jina lake na "Tequila Sunrise". On the Border ya 1974 imetoa "Already Gone" na "Best of My Love". One of These Nights ya 1975 imetoa wimbo wenye jina la albamu, "Lyin' Eyes" na "Take It to the Limit". Singo mbili (nyimbo zilizouzwa pia peke yake), "Outlaw Man" na "James Dean", ziliachwa nje. Hazikuwa zimeingia hata kwenye 50 bora za Billboard, jarida la chati za muziki la Marekani, na ukimaliza kuisikiliza albamu nzima huoni pengo lake.

Sasa angalia zilizopewa nafasi hizo. "Tequila Sunrise" iliishia namba 64 kwenye chati. "Desperado" haikuwahi hata kutolewa kama singo. Kwa maana ya neno lenyewe hivyo si vibao, na mtu wa mauzo aliyeshika chati mkononi angezikata zote mbili. Hapa ndipo mchaguzi alipoonyesha kwamba anaijua hadhira yake. Mwimbaji Linda Ronstadt alikuwa amekwisha kuurekodi "Desperado" mwaka 1973, na Don Henley na Glenn Frey walikuwa wanamuziki wa bendi yake kabla ya kuanzisha Eagles kule Los Angeles. Wimbo ulikuwa na wapenzi wengi ambao hawakuwa na singo ya kununua. Mkusanyiko huu ukawapa sababu ya kutoa pesa.

Upande wa pili wa mizani kuna vibao visivyo na ubishi. "Best of My Love" na "One of These Nights" zote zilifika namba moja mwaka 1975, "Lyin' Eyes" ikafika namba mbili, na "Take It to the Limit" namba nne. Huu wa mwisho ulikuwa bado unapanda chati siku albamu ilipotoka. Mtu aliyeusikia redioni asubuhi aliukuta dukani jioni ukiwa na wenzake tisa. Albamu ilikaa namba moja kwenye chati ya Billboard kwa wiki tano mwaka huo.

Jambo jingine ambalo wengi hulipita ni urefu wa nyimbo. Singo ya "Lyin' Eyes" ilikuwa imekatwa ili iingie kwenye vipindi vya redio, na "Best of My Love" nayo ilifupishwa. Kwenye mkusanyiko huu zote mbili ziko kamili, "Lyin' Eyes" ikipita dakika sita. Aliyekuwa na singo nyumbani hakuwa na wimbo mzima. Ukizijumlisha zote kumi unapata dakika 43 hivi, yaani chini kidogo ya dakika 22 kila upande, kiasi ambacho santuri ya inchi 12 inakibeba bila mifuo, yaani mistari ambamo sindano hupita, kubanwa kupita kiasi. Upande ukipita sana dakika hizo, fundi wa kuchonga hulazimika kushusha sauti au kupunguza besi.

Upangaji ndio unaostahili sikio la karibu. Frey anaongoza nyimbo tano, Henley nne, na Randy Meisner mmoja tu, "Take It to the Limit". Sauti hizo hazikurundikwa. "Take It Easy" inafungua kwa gitaa na sauti nyepesi ya Frey, kisha banjo ya Bernie Leadon inaingia wimbo ukiwa umeshakolea. Mara Henley anakuja na "Witchy Woman", mapigo mazito ya polepole, kana kwamba ni bendi nyingine. Frey anarudi kwa nyimbo mbili mfululizo, "Lyin' Eyes" ya taratibu na "Already Gone" yenye magitaa ya umeme yanayokimbizana, halafu kila kitu kinaondolewa na piano peke yake inaanza "Desperado". Kwenye upande wa pili, besi ya "One of These Nights" ndiyo inayokupokea, na mwishoni unaachwa na magitaa makavu ya "Best of My Love". Meisner yuko katikati kabisa ya upande huo, nyimbo mbili kabla yake na mbili baada yake. Hapo ndipo masikio yanapohitaji sauti mpya.

Kuna maprodyuza wawili humu, na tofauti yao inasikika. Glyn Johns alisimamia nyimbo sita, nyingi zikirekodiwa London. Sauti zake zina nafasi, ala hazikanyagani. Bill Szymczyk alisimamia nne: "Already Gone" na zile tatu za 1975, ambazo magitaa yako mbele na ngoma ni nzito zaidi. Bendi ilihama kutoka kwa Johns katikati ya kazi ya On the Border kwa sababu ilitaka roki yenye nguvu. Unaweza kuusikia uhamisho huo ndani ya upande mmoja wa santuri, ukiruka mbele na kurudi nyuma. Kwa kuwa nyimbo hazikupangwa kwa miaka, usikivu haugawanyiki kati ya Eagles wa zamani na Eagles wapya, na mgawanyiko huo ndio kosa la mikusanyiko mingi inayofuata kalenda.

Wanamuziki wenyewe hawakufurahia mradi huu. Desperado ilitungwa kama albamu moja yenye mada ya majambazi wa magharibi ya Marekani, na nyimbo zake mbili zikang'olewa na kuuzwa nje ya muktadha. Lawama hiyo ina uzito. Anayeujua wimbo "Desperado" kupitia mkusanyiko huu tu anauchukua kama wimbo wa mapenzi na ushauri, wakati kwenye albamu yake una watu wengine na hadithi nyingine kuuzunguka. Hilo haliufanyi mkusanyiko kuwa mbaya, lakini anayeupenda wimbo huo aitafute pia albamu ya 1973.

Kuhusu hesabu za mauzo, watu hubishana bila kujua kinachohesabiwa. Platinamu za RIAA ni za Marekani pekee. Kwa dunia nzima Thriller bado iko mbele. Pia cheti huandika siku hesabu zilipokaguliwa, na ukaguzi hufanyika kampuni inapouomba. Vyeti vya platinamu nyingi havikuwapo hadi 1984. Ndiyo maana albamu hii ilibaki na platinamu moja kwenye vitabu tangu 1976, ikaonekana na 12 mwaka 1990, kisha 22 mwaka 1995. Hakuna aliyeuza nakala milioni kumi ndani ya miaka hiyo mitano kwa ghafla. Huenda sehemu kubwa ya tofauti ni karatasi za zamani zilizofikishwa kwa mkaguzi, ingawa kurudiana kwa bendi mwaka 1994 na watu kubadilisha santuri zao kwa CD navyo vilisaidia.

Mruko mwingine ulikuwa kutoka 29 mwaka 2006 hadi 38 mwaka 2018. Katikati hapo kanuni zilibadilika: tangu Februari 2016 RIAA inahesabu pia usikilizaji wa mtandaoni, mara 1,500 za kusikilizwa zikiwa sawa na albamu moja, na nyimbo kumi zilizonunuliwa mojamoja zikiwa pia sawa na albamu moja. Kwa hiyo 38 si santuri, kaseti na CD milioni 38 zilizopita kwenye kaunta. Lakini albamu hii haipati nyongeza ambayo albamu za diski mbili hupata. The Wall ya Pink Floyd, kwa mfano, kila nakala yake huhesabiwa kuwa mbili. Hapa nakala moja ni moja.

Kuna mnunuzi mmoja atakayeudhika, naye ni yule anayetafuta "Hotel California". Haumo. Ulitoka Desemba 1976, miezi kumi baada ya mkusanyiko huu, na Joe Walsh aliyeingia bendi baada ya Leadon kuondoka hasikiki popote hapa. Ukitaka enzi hiyo kuna Greatest Hits Volume 2 ya 1982, na ukitaka zote pamoja kuna The Very Best Of ya 2003 yenye nyimbo 33 kwenye diski mbili. Kwa msikilizaji wa simu, hiyo ya 2003 ina faida kubwa zaidi. Nyimbo kumi hizi karibu hazina sababu ya kuchaguliwa kama orodha. Zaidi ya hapo, simu inayochanganya mpangilio inaharibu kile hasa ambacho albamu hii inakifanya vizuri.

Kwa santuri, nakala zilizotumika ni nyingi, hivyo usikimbilie ya kwanza unayoiona. Toleo la mwanzo lina namba ya katalogi 7E-1052. Matoleo ya baadaye yana 6E-105. Inua santuri kwenye mwanga wa kuinama na utazame eneo tupu kati ya mfuo wa mwisho na lebo. Upande wa kwanza wa toleo la mwanzo umechongwa maneno "Happy New Year, Glyn", na upande wa pili "With Love From Bill", salamu kutoka kwa maprodyuza wale wawili. Jalada ni fuvu la tai lililotengenezwa na msanii Boyd Elder juu ya buluu hafifu. Angalia kama kingo zimepasuka na kama duara la santuri limejichora kwenye karatasi.

Kisha tazama tundu la katikati. Mistari myembamba ya kijivu kulizunguka ni alama za mhimili wa mashine, na zikiwa nyingi ina maana santuri imechezwa mara nyingi sana, hata kama uso wake unang'aa. Mikwaruzo inayokatisha mifuo hugonga kila mzunguko. Ile inayofuata mifuo ni hatari zaidi kwa sababu sindano inaweza kunasa. Vumbi na ukungu husafishwa kwa maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa mvuke) na brashi laini kufuata mifuo, kamwe si kuikatisha. Mfuo ulioliwa na sindano nzito au butu hausafishiki.

Ukiruhusiwa kuijaribu kabla ya kulipa, usianze na "Take It Easy". Mwanzo wa upande, mfuo hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 50 kwa sekunde, na hata nakala iliyochoka husikika safi. Karibu na lebo kasi hiyo hushuka chini ya nusu, sauti ileile inabanwa kwenye nafasi ndogo, na uchakavu wote hujitokeza hapo. Na wimbo uliowekwa hapo upande wa kwanza ni "Desperado": piano, vinanda vya nyuzi, na sauti ya Henley bila ngoma za kuficha mikwaruzo mwanzoni. Weka sindano pale. Noti za piano zikisimama imara bila kutetemeka, na herufi "s" za Henley zikitoka laini bila mchanga, upande huo haujachakaa; geuza santuri uujaribu pia mwisho wa upande wa pili, "Best of My Love".