Mshauri wa vijana na mdogo wangu, hapa Tanga (uzoefu wangu)

Mi mwanzoni nlidhani hawa washauri wa vijana wa mradi ni walewale, wanakuja wanapiga picha na watoto, wanagawa fulana, wanaondoka. Mdogo wangu ana miaka 16, kaacha shule kidato cha pili, kutwa yuko Deep Sea, kule soko la samaki, asubuhi anabeba ndoo jioni hujui yuko kijiwe gani, na harufu ya bangi nshaanza kuisikia nikimfulia mashati. Mama kalia mpaka kachoka.

Sasa huyu dada mshauri alivyokuja nyumbani Makorora hakumuuliza unataka kuwa nani, manake hilo swali dogo kaulizwa na kila mtu, mjomba, ustadhi, anainamisha kichwa tu basi. Kamwambia kesho nakuja hukohuko kazini kwako. Na kweli kaja, saa 12 na nusu asubuhi, ana ndala zake na mtandio, kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anamwangalia dogo anafungua plagi ya mashine ya boti ya watu, anaipangusa na kipande cha kanga, anairudisha, anavuta kamba mara mbili, mashine inawaka. Mi mwenyewe nlikuwa sijui kama anaweza!! Kuanzia hapo wakawa wanaongea mambo ya ufundi, chuo cha VETA, ada, fomu zinatoka lini, na dogo anajibu.

Kilichotutesa ni cheti cha kuzaliwa. Kazaliwa nyumbani kwa bibi, kadi ya kliniki ililiwa na mchwa, ikawa leo barua ya mtendaji kesho cheti cha la saba, mara ofisi ya wilaya, mara rudini wiki ijayo. Peke yangu ningeacha siku ya pili wallahi. Yule dada tumezunguka nae mara nne, na dogo akichelewa kuamka anampigia mpaka apokee.

Ambacho sijakipenda, mradi ulifika mwisho mwezi wa sita tukapewa mshauri mwingine, ana vijana wengi mno, anatuma meseji moja kwa wote "habari vijana, mnaendeleaje", dogo hata haifungui. Yule wa kwanza bado anapokea simu zetu, kwa hisani yake na vocha yake. Hii si sawa kwakweli, mtoto wa namna hii mpaka amzoee mtu ni miezi, afu mnamtoa tu.

Cheti kimetoka, fomu tumerudisha, mtihani wa kuingia bado. Deep Sea anaenda kama kawaida ila isha anakuwa ndani, na juzi kanifuata jikoni na daftari nimwelekeze hesabu za sehemu.