Kulipia jimu au kupika mchana kazini?

Una karakana ya ushonaji Dar es Salaam yenye mafundi 12, na umetenga fungu dogo kwa ajili ya afya yao. Uwalipie ada ya jimu, au upike chakula cha mchana pale pale na kumleta muuguzi apime presha kila baada ya miezi mitatu?

Jimu ni rahisi kwa bosi: unalipa, umemaliza. Ila fundi anayetoka saa kumi na mbili jioni na kugombania daladala ya Mbagala hana tena nguvu ya kunyanyua vyuma. Watakaokwenda ni wale vijana wawili ambao tayari hukimbia asubuhi.

Chakula kina usumbufu wake: mpishi, gesi, masufuria, na ubishi wa nani hali dagaa. Lakini kila mtu anakula. Badala ya chipsi mayai na soda, sahani inakuwa na maharage, mchicha na kipande cha papai, na chumvi unaidhibiti mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku. Presha nayo kwa wengi haina dalili, hivyo dakika tano za kipimo kando ya cherehani zinaweza kumbaini mtu aliyejiona mzima. Majibu yabaki kati ya muuguzi na fundi. Bosi hayamhusu.

Mazoezi? Mshonaji hukaa kutwa, kwa hiyo anayahitaji. Mimi ningesimamisha mashine saa nne, chai ikifika, watu wanyooshe migongo dakika kumi.