Horse Feathers (1932): mechi safi, harusi ya kulipua

Nimeiangalia hii muvi ya Marx Brothers, wale ndugu wanne wachekeshaji wa Marekani (Groucho, Harpo, Chico na Zeppo), ya mwaka 1932, haifiki hata saa moja na robo, na mi naongelea mwisho tu maana huko kati ni vurugu za chuo mwanzo mwisho, Groucho ndo mkuu wa chuo cha Huxley, Zeppo eti mwanae wakati kiukweli wamepishana miaka 10 tu, na wote wanahaha kuwafunga wapinzani wao, chuo cha Darwin, kwenye mpira wa Kimarekani ule wa kubeba mikononi.

Sheria za huo mchezo sizijui na wala sikuzihitaji. Harpo anatupa maganda ya ndizi uwanjani wapinzani wanateleza, Groucho anatoka benchi na sigara yake nene anamwangusha mtu, afu Harpo huyo kakamata mkokoteni wa taka unaovutwa na farasi anaukimbiza kama yale magari ya vita ya Warumi, wenzake wamedandia, mpaka kwenye goli, na akifika anatoa mipira mingine ya akiba anaendelea kufunga tu! Jarida la Time liliwaweka kwenye jalada Agosti 1932 wakiwa humo humo ndani ya mkokoteni. Kitu kingine, Chico alipata ajali ya gari wakati wa kushuti akaumia goti, kwa hiyo ukikazia macho kwenye mechi kuna sehemu utaona kabisa yule sio yeye.

Sasa harusi. Muvi nzima Zeppo ndo anampenda Connie (Thelma Todd), kwa hiyo unasubiri wafunge ndoa yaishe. Wapi! Ghafla bibi harusi kasimama na Groucho, Chico na Harpo, anaolewa na wote watatu, wanamrukia kwa pamoja, imeisha. Zeppo hata kutajwa hatajwi. Nilicheka kwa sauti, maana muvi iliyodharau kila kitu ingemalizaje kwa busu la heshima? Ila Thelma Todd alikuwa mchekeshaji mzuri, kumfukia chini ya wanaume watatu bila kumpa hata neno la mwisho ni uchoyo. Mechi naipa 10, harusi 6.

Angalieni yenye maandishi chini, Groucho anaongea mbio sana. Na pale chumbani kwa Connie picha ikiruka ruka msilaumu bando, filamu yenyewe iliyobaki imekatika hivyo hivyo.