Tuta la mchanga au vumbi la baharini: kipi kinaijua zaidi Sahara ya kale?

Ukitaka kujua jangwa lilifika wapi, uliza tuta. Ukitaka kujua lini, mimi ningeanza na bahari.

Matuta ya kale yaliyoota nyasi huko Sahel, kusini ya mpaka wa leo wa jangwa, ni ushahidi usio na ubishi: mchanga uliwahi kutembea hapo. Umri wake husomwa kwenye chembe za kwatzi, madini magumu yaliyomo mchangani. Jua huifuta "saa" iliyomo ndani yake, yaani nishati inayojilimbikiza humo polepole gizani. Chembe ikifukiwa, saa huanza upya. Ndiyo maana bomba la sampuli hugongomewa tutani, huzibwa haraka, na kufunguliwa maabara kwenye taa hafifu nyekundu. Mwanga wa mchana ukipenya, kazi imeharibika.

Kasoro yake ni kwamba upepo huyafumua matuta na kufuta ulichoandika wenyewe. Nchini Mauritania yamebaki makundi matatu: ya miaka 25,000 hadi 15,000 iliyopita, ya 13,000 hadi 10,000, na ya baada ya 5,000. Katikati, kimya.

Tope la bahari mbele ya Cap Blanc, rasi ya pwani ya Mauritania, hukusanya tabaka kwa tabaka vumbi linalopeperushwa kutoka Sahara, nalo halina kimya hicho. Vumbi linapungua takriban miaka 14,800 iliyopita, Sahara ikiwa na maziwa na nyasi, linarudi kwa muda karibu miaka 12,000 iliyopita (sambamba na kundi la pili la matuta!), kisha linapanda ghafla kama miaka 5,500 iliyopita. Ila upepo ukizidi nguvu, vumbi huongezeka hata kama jangwa halijasogea hatua moja.