Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani: usiishie msikitini ukarudi

Jamani nimetoka Kilwa wikiendi iliyopita na miguu bado inauma, ila acha niandike kabla sijasahau, maana wengi wakifika Kisiwani wanapiga picha Gereza, ile ngome ya ufukweni, na Msikiti Mkuu halafu haoo, wanarudi mjini Kilwa Masoko kula samaki. Uhondo wenyewe, magofu ya jumba la sultani la Husuni Kubwa, wameuacha nyuma.

Kwanza malalamiko. Jamaa niliyemlipa kwa simu nikiwa Dar alisema kila kitu kimo humohumo, kufika pale kibali najilipia, boti najilipia. Kwa hiyo ulizeni mapema, na boti muulize ni kwenda na kurudi au kwenda tu. Mzee aliyetutembeza kisiwani lakini sina neno naye, anajua vitu hadi raha.

Mimi nilitaka niishie Gereza kwa sababu ndilo linakupokea ukiwa bado majini. Mzee akacheka, "hilo la juzi tu mwanangu." Na kweli, Wareno walijenga ngome pale 1505 walipoivamia Kilwa, hata miaka kumi haikuisha wakaondoka, na hili tunaloliona leo sehemu kubwa ni kazi ya Waomani miaka ya 1800. Husuni Kubwa ni ya sultani al-Hasan ibn Sulaiman, mwanzoni mwa miaka ya 1300, yule ambaye msafiri maarufu Ibn Battuta alipopita 1331 alikuta watu wanamwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa alivyokuwa anagawa. Dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, ilikuwa inapitia Kilwa, sasa ataacha kugawa?

Basi unatembea kuelekea mashariki, jua kali, mpaka kwenye mwinuko unaotazama bahari. Vyumba zaidi ya 100, kuta za matumbawe na chokaa, paa hakuna. Upande wa kusini kuna uwanja mpana umezungukwa na vyumba, inaaminika ndiko biashara na maghala yalikuwa. Ila mimi nilinasa kwenye bwawa la kuogea, lina pembe nane, limejengwa kwa ustadi mpaka unashika kingo zake unashangaa, saa hizi ndani majani makavu tu na mjusi mmoja aliyenikodolea macho kama mimi ndio mvamizi. Nikawa nawaza nani alikuwa anapandisha maji yote yale huku juu, mwenzenu chupa moja tu ya maji ilishanichosha. Na eti jumba lenyewe wataalamu wanasema halikuwahi hata kumalizika!

Nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu ya yule jamaa wa simu, na kingine hakuna aliyetuambia tuangalie maji, tumeshuka bahari imeshatoka boti iko mbali kule, ikabidi tupite kwenye tope la mikoko. Nendeni maji yakiwa yamejaa. Kiatu changu cha kushoto kipo hukohuko.