Shajara ya tafakuri ya mwalimu: visanduku sita, jicho moja

Nafundisha darasa la pili, na shajara hii nimeitumia muhula mzima. Ni daftari lenye jalada gumu, na kila ukurasa una visanduku sita vinavyofuata mzunguko wa Graham Gibbs wa mwaka 1988, yaani hatua za kutafakari jambo lililokutokea: maelezo ya tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa utekelezaji.

Kilichonifanya nisiitupe ni kisanduku cha uchambuzi. Sehemu ya tathmini kwenye andalio la somo sote tunajua tunavyoijaza: "Wanafunzi wengi wameelewa," kengele imelia, tumemaliza. Hapa huponi kirahisi hivyo. Tulipofika kutoa kwa kukopa, watoto wengi waliandika 42 − 17 = 35. Kwenye tathmini ningeishia "hawajaelewa kukopa." Uchambuzi unadai sababu, ikabidi nizikodolee macho zile 35. Saba toa mbili, tano. Nne toa moja, tatu. Kumbe walikuwa wanatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini. Wana kanuni yao, tena wanaifuata kwa uaminifu! Na mazoezi ya wiki iliyotangulia yalikuwa ya aina ya 48 − 15, ambako kanuni hiyo haikosei hata mara moja. Somo lililofuata likaanzia kwenye vijiti, mafungu ya kumi yanayofunguliwa kwa mkono, ubao ukasubiri.

Kisanduku cha hisia, kwa upande mwingine, ni kikubwa kupita kiasi. Jioni mwalimu ana hisia moja tu: nimechoka.

Kasoro kubwa ni kwamba unajitazama peke yako. Stephen Brookfield, mtaalamu wa elimu, anasisitiza mwalimu ajione pia kwa macho ya wanafunzi na ya walimu wenzake, na apime anachokiona kwa nadharia. Shajara hii haina nafasi ya hao wote. Chukua muda wa kusubiri jibu: utafiti wa Mary Budd Rowe miaka ya 1970 ulionyesha kuwa walimu husubiri kama sekunde moja hivi baada ya kuuliza, na wakifikisha tatu, majibu ya watoto hurefuka. Nani ataandika hilo kwa kukumbuka tu? Kila mwalimu anaamini anasubiri. Mimi nililijua langu kwa kurekodi somo kwa simu. Mwenzangu naye alikaa nyuma akaweka alama kila nilipomwita mtoto kujibu, na alama zikajazana kwenye madawati ya mbele. Karatasi yake nimeibandika kwa gundi juu ya kisanduku cha hisia.

Karatasi za ndani ni nyembamba, wino unapenya. Tarehe hazikuchapwa, afadhali, ukiruka siku hudaiwi. Aliye kwenye mafunzo kwa vitendo ainunue, ila achambue somo moja kwa wiki, la sivyo ataanza kunakili ya jana.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaitoa toleo jipya likipunguza hisia kwa nusu na kumwachia mwenzako nafasi hiyo.