Kiyoyozi kimechoka: ukitengeneze au ununue cha inverta?

Kwa pesa ya kutoa leo, kutengeneza kunashinda. Fundi aanze na kapasita, kile kikopo kinachoipa mota nguvu ya kuanza; ikiwa imevimba kichwani, umepona, hiyo si pesa ya kukukosesha usingizi. Ila kompresa (pampu ya gesi) ikifa na mashine ni ya gesi ya R22, ile ya zamani, mimi ningesita kutengeneza: gesi hiyo inaondolewa sokoni kwa Itifaki ya Montreal, mkataba wa dunia wa kulinda tabaka la ozoni, na huwezi kujaza R32, gesi ya mashine mpya, badala yake.

Kwenye LUKU, yaani matumizi ya umeme, inverta inaongoza, maana chumba kikipoa hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Lakini bodi yake haipendi umeme wa kurukaruka. Chumvi ya pwani kama Kigamboni hula koili za vyote viwili.

Unalala nacho kila usiku? Inverta. Nyumba ya kupanga, unahama karibuni? Tengeneza.